Sahani Ndogo Si Dharau



Shukrani zote njema Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na Swalah na Salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake. Amma ba'ad.

Ndugu zetu wazazi, na nyinyi vijana wetu wa madrasa, leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo halijazoeleka katika nasaha zetu: ndugu aliyepasuliwa tumbo ili apunguze uzito, na namna sisi jamaa na majirani zake tunavyomlisha. Jambo lenyewe limetufika karibu, ndiyo maana tunaliandika.

Hapa mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, yupo ndugu mmoja ambaye uzito ulimlemea kwa miaka mingi. Kisukari kilikuwa hakishuki, magoti yalimgomea, na Swalah alikuwa akiiswali juu ya kiti. Watoto wake walio nje wakachanga, akaenda India akapasuliwa. Aliporudi ilikuwa wiki ya tatu tangu upasuaji. Tukamfanyia mapokezi, likaletwa sinia la pilau na nyama, na soda pembeni. Akasema, "Jamani, mimi siwezi." Tukacheka. Na sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa kwenye sinia lile, tukawa wa mwanzo kumwambia, "Sheikh, tonge moja tu, usituvunje moyo." Kwa haya akala moja, akala la pili, akala la tatu. Usiku ule alitapika mpaka akakimbizwa hospitali. Alhamdulillaah, Allaah Alimuafu. Lakini tangu siku ile, kwa miezi mingi, hakuonekana kwenye walima wala 'aqiqah ya mtu yeyote. Sisi tuliodhani tunamkirimu ndio tuliomfukuza kwenye sufra ya Waislamu.

Baada ya hapo tulikaa na daktari mmoja tukamuuliza, na alichotufahamisha kila nyumba ingefaa ikijue. Katika aina moja ya upasuaji huu hukatwa na kuondolewa kiasi cha robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi. Katika aina nyingine hutengenezwa kifuko kidogo sana, cha kiasi cha mililita 30 hivi, yaani kama vijiko viwili vya kulia, kisha huunganishwa na utumbo. Mshono wa ndani huchukua wiki kadhaa kupona. Kwa hiyo mtu huyu haleti maringo anapokataa tonge. Chombo chake kimekuwa kidogo, na bado kina kidonda.

Ndiyo maana hupewa chakula kwa daraja. Siku za mwanzo ni maji na supu iliyochujwa. Kisha vitu vya majimaji kama maziwa na uji mwepesi, kwa muda wa wiki mbili hivi. Kisha vilivyosagwa laini, kama samaki au maharage yaliyopondwa. Kisha vilaini, na kiasi cha wiki ya sita hadi ya nane ndipo huanza kurudi kwenye chakula cha kawaida, kwa vipande vidogo na kwa kutafuna sana. Kila daktari ana ratiba yake, na ya daktari wake ndiyo ya kufuatwa, si yetu.

Na yapo ya kushika hata baada ya kupona. Huanza na protini kabla ya wali au bugali, kwani huhitaji gramu 60 hadi 80 kwa siku kutoka katika tumbo dogo. Na neema za Allaah tunazo hapa hapa: mayai, maziwa, maharage, mukeke na ndagala wa ziwa letu la Tanganyika. Hanywi maji pamoja na chakula, bali husubiri kiasi cha nusu saa, kisha hunywa kidogo kidogo mchana kutwa mpaka afikishe lita moja na nusu. Soda na juisi za sukari huziacha. Hasa kwa yule aliyeunganishwa utumbo, sukari nyingi ikiteremka kwa kasi huweza kumtoa jasho, moyo ukampiga mbio na tumbo likamwendesha. Kwa hiyo ile chai yetu ya sukari vijiko vinne na haluwa, kwake huweza kuwa ugonjwa.

Tena anatakiwa ameze vitamini na madini kwa umri wake wote: B12, chuma, kalsiamu, vitamini D na nyinginezo, na apimwe damu mara kwa mara. Akitapika siku kwa siku arudi kwa daktari haraka, kwani kupungukiwa vitamini B1 huweza kudhuru ubongo. Baadhi ya ndugu huacha vidonge wakiona wamepungua, wakidhani kazi imekwisha. Wengine huviacha kwa kuogopa kuwa ganda la dawa limetokana na nguruwe. Khofu hiyo ina msingi, maana baadhi ya maganda hutengenezwa hivyo. Lakini dawa yake ni kumuuliza daktari au mfamasia ampatie za kutafuna, za maji au zisizo na ganda hilo. Kuacha kabisa si uchaji Allaah, ni kujidhuru.

Wapo wanaosema, "Huyu kabadilisha maumbile ya Allaah, angefunga Sunnah angepungua." Hao tunawaambia: jambo hili Maulamaa wamelizungumza. Jopo la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu kupunguza uzito kwa njia za kitabibu zinazokubalika, upasuaji ukiwemo, pale uzito unapokuwa ni maradhi, hakuna njia nyingine, na kwa sharti la kusalimika na madhara. Basi aliyetimiza sharti hizo amefuata sababu za kujitibu. Kumsimanga ni dhulma, na huenda tukabeba dhambi kwa maradhi ambayo sisi hatukuyaonja.

Jambo la pili ni Ramadhaan. Mchana wa Saumu hapa kwetu ni zaidi ya saa 13. Mtu anayelazimika kunywa lita moja na nusu kwa funda ndogo ndogo, na usiku anataka kulala na kuswali, ataikamilisha saa ngapi? Kwa hiyo madaktari wengi huwakataza kufunga katika miezi ya mwanzo, na wengine husema mwaka mzima au zaidi. Allaah katika Suuratul-Baqarah Amempa mgonjwa rukhsa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Akipata nguvu, na daktari akaridhia, atalipa siku zake hata kwa kuzitawanya. Na akiambiwa na matabibu wanaoaminika kuwa hatoweza tena maishani, amuulize mwanachuoni kuhusu fidya. Ama sisi wengine, kazi yetu ni kufunga ndimi. Mwanafunzi ukimuona mzee anakunywa maji mchana wa Ramadhaan, dhana njema ndiyo ya kutangulia.

Jambo la tatu, na ndilo kubwa kwetu, ni desturi yetu ya kulazimisha. Tumelelewa kuona kwamba mgeni asiyeshiba ni aibu ya mwenye nyumba, na asiyekula ametudharau. Kukirimu mgeni ni katika Imani, hilo halina shaka. Lakini ukarimu ni kumpa mgeni kinachomfaa yeye. Tena tunayasoma madrasa mafundisho ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kuhusu theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi, tunawahifadhisha watoto, kisha tukifika kwenye walima tunamcheka anayeyatekeleza! Huu ni mgongano ambao watoto wanauona.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Mama wa nyumba, ukijua mgeni wako kapasuliwa, mtengee bakuli dogo la samaki laini au maharage yaliyopondwa, umwekee mbele yake bila ya kutangaza. Akisema, "Alhamdulillaah, imetosha," neno lake liwe la mwisho, na shemeji asimwapishe wala mjomba asimrushie nyama. Asiyeweza kula nasi akae nasi tu, kwani baraka ya kukusanyika haipimwi kwa matonge. Na tuache kuuliza mbele za watu, "Mbona nywele zinapukutika, mbona umekonda uso?" Nywele kupukutika katika miezi ya mwanzo hutokea kwa wengi, na mara nyingi hurudi.

Nawe ndugu uliyepasuliwa, una wajibu wako. Usijifiche. Mwambie angalau mtu mmoja katika kila nyumba unayoalikwa, akulinde. Usijidanganye kwa kudonoa vitamu kutwa nzima, kwani upasuaji umekupunguzia mfuko, haukuondoshea matamanio, na uzito huweza kurudi. Haya ni Jihaad ya nafsi, nasi tuwe wasaidizi wako ndani yake.

Mwezi uliopita tulimwendea ndugu yetu yule nyumbani kwake, tukamuomba radhi kwa tonge lile. Akatusamehe, akatuletea chai. Yeye akanywa yake baadae, nusu saa baada ya yai lake, nasi tukamsubiri.

Tunamuomba Allaah Awaponye wagonjwa wetu, na Ajaalie sufra zetu ziwe za rahmah, zisiwe za kudhuriana. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.