BLENDA YA WATI 4,500? MURA, UMEINGIZWA MJINI!

Mimi nipo hapa hapa Tarime. Najua wapo wanaocheka kuona kijana wa Kikurya anashika kalamu kuandika mambo ya jikoni. Juzi tu pale stendi mshikaji mmoja kanidaka shati: "We mura, habari za ng'ombe zimekwisha? Dhahabu ya Nyamongo imekwisha? Mpaka unaandika habari za miiko?" Nikamjibu ndiyo, tena wiki hii naandika blenda. Maana blenda imenitia kwenye deni na imenikosanisha na dada yangu wa tumbo moja, kitu ambacho ng'ombe hajawahi kunifanyia.

Kisa chenyewe ni hiki. Dada anauza juisi jirani na soko. Maembe, parachichi, pasheni, vyote alikuwa anaponda kwa mwiko na kukamua kwa chujio, mpaka jioni vidole vinakataa kukunja. Ikafika zamu yake kwenye mchezo wa akina mama, akaniita na kunikabidhi hela taslimu. "Mdogo wangu, wewe si ndiye unaandika magazetini? Unajua vitu. Kaniletee blenda."

Nikadandia Hiace mpaka Sirari. Pale mpakani, ukitazama mbele unaiona Isebania ya Kenya, na madukani kuna kila kinachong'aa. Nikaonyeshwa blenda mbili. Ya kwanza fupi, nzito, jagi la kioo, imeandikwa wati 400, bei 75,000. Ya pili jagi lake kama ndoo, boksi lina maandishi ya dhahabu: wati 4,500! Bei 38,000. Sasa wewe ungechukua ipi? Nikaona yule muuzaji hajui thamani ya alichonacho. Nikalipa haraka kabla hajashtuka. Kitu na boksi, nikarudi Tarime nimekaa kiti cha mbele kama bwana harusi.

Siku tatu mambo yalikuwa babu kubwa. Siku ya nne mteja akaja na karanga zake kavu, anataka zisagwe za kuungia mboga. Dada akamimina, akawasha, akaendelea kumhudumia mtu mwingine. Dakika kama tano hivi. Kwanza ikaja harufu ya mpira, halafu moshi, halafu kimya. Wateja wanatazama.

Dada hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akachomoa waya, akaifunga ile blenda kwenye khanga kama anafunga marehemu, akanipa. "Mura, hiyo ni michango yangu ya miezi minne." Akarudi kwenye mwiko wake.

Nilirudi nayo dukani, nikaambiwa kitu kikishatoka hakirudi. Risiti yangu ilikuwa kipande cha daftari kisicho hata na jina la duka. Nikanyamaza, ningesema nini?

Nikaipeleka kwa fundi. Ni mzee mtaratibu, hana haraka na mtu. Akaisoma ile 4,500, akacheka mpaka akavua miwani. "Kijana, soketi hii ya pini tatu ya nyumbani imetengenezwa kubeba ampea ngapi?" Nikasema 13. "Na umeme wetu?" Volti 230. "Zidisha." Nikazidisha: 2,990. "Basi kila unachochomeka hapo mwisho wake ni kama wati 3,000. Kikizidi, fyuzi ya plagi inakufa. Hizo 4,500 zako zilikuwa zinapita wapi, dirishani?"

Msomaji wangu, hesabu hiyo tulifundishwa sekondari, ubaoni kabisa. Nikaifanya kwenye mtihani, nikaisahau siku ile ile niliyorudisha kitabu.

Akafungua kitako. Mota ilikuwa ndogo kuliko ngumi yangu. Akakwaruza waya wake kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa rangi! Kimeo cha kupakwa poda. Kile kigurudumu cha plastiki chenye meno, kinachoshika kisu na mota, kilikuwa kimeyeyuka na kugandana. "Na hata ingekuwa nzima," akasema, "blenda ya nyumbani haitakiwi kuzungushwa dakika tano mfululizo. Nyingi kijitabu chake kinasema dakika moja au mbili, halafu uipumzishe ipoe. Ulisoma kijitabu?" Boksi nilikuwa nimelipamba juu ya kabati. Kijitabu sikuwahi kukifungua.

Basi nakupa nilichokinunua kwa hela ya mtu mwingine. Usisome boksi, pindua mashine usome kibandiko cha chini ya kitako. Kitafute volti 220 mpaka 240, maana zipo za volti 120 zinazotoka Marekani, na ukiichomeka hapa ni sherehe ya moshi. Kwa matunda laini wati 300 mpaka 500 za kweli zinatosha nyumbani. Inyanyue: ikiwa nyepesi kama kopo tupu, mota yake ni ya kubahatisha. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Karanga na viungo vikavu visagie kwenye kile kikopo kidogo cha kusagia vikavu, si kwenye jagi la juisi. Barafu ivunje kwanza, na mimina maji kabla ya kuwasha. Jambo ambalo mimi sikuliwaza kabisa: uliza kama mpira wa kisu na kile kigurudumu vinapatikana mjini kwenu. Ndivyo vinavyokufa mapema, na bila hivyo mashine nzima ni pambo.

Risiti dai ya kweli, yenye jina la duka. Bidhaa feki zina Tume ya Ushindani, FCC, na viwango vina TBS, lakini utawapelekea nini kama ulichonacho ni karatasi ya daftari?

Kuna wanaoogopa kwamba blenda itamaliza LUKU. Wapi! Ya wati 400 ukijumlisha dakika zake mpaka zifike saa nzima, haijala hata nusu uniti. Mlaji ni birika la umeme: la wati 2,000 linakula uniti moja kwa nusu saa tu. Kama una hela ya chombo kimoja na huuzi juisi, mimi ningekushauri sufuria ya umeme ya presha. Ya wati 1,000, hata ikiwaka saa nzima bila kujikata haipiti uniti moja, na maharage yameiva. Tangu mwaka 2024 serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na ukiona bei ya gunia la mkaa hutauliza kwa nini.

Ila kama unaishi umeme unakokatika kila jioni, tulia kwanza. Shangazi yangu yuko ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Mugumu. Nilipomweleza kisa hiki akaniangalia kwa huruma, akaendelea kutwanga karanga kwenye kinu alichopewa alipoolewa. Hakina wati hata moja.

Dada alikwenda mwenyewe Sirari mwezi uliopita. Hakuniaga. Kaleta ile fupi nzito ya wati 400, kaomba ishushiwe mpaka 70,000, na risiti kaibandika ukutani kwenye kibanda. Juzi nilipita, akanimiminia glasi ya parachichi na pasheni. Nilipomaliza akanyoosha mkono: "Elfu moja, mura. Na ile 38,000 yangu unaleta lini?"

Nimelipa 12,000. Zimebaki 26,000, na mhariri, kama unasoma, unajua la kufanya.