Mwenye Baiskeli Naye Ana Barabara



Juma hili naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwani si haki kuwaonya wengine huku nikijificha nyuma ya mimbari. Asubuhi moja ya mwezi Julai, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa naendesha gari kutoka Uyole kuelekea Soweto, hapa Mbeya. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu. Giza lilikuwa halijaondoka sawasawa, na baridi ile mnayoifahamu ilikuwa imetanda ukungu kwenye vioo. Nilikuwa nimechelewa. Mbele yangu alikuwapo mtu mwenye baiskeli, amebeba magunia mawili ya mkaa, anakanyaga pedali taratibu kwenye ukingo wa lami. Nyuma yangu kulikuwa na lori, na upande wa pili magari yalikuwa yanakuja. Badala ya kupunguza mwendo nikapiga honi, tena kwa nguvu na kwa muda mrefu.

Yule ndugu alishtuka, akatoka kwenye lami. Mahali pale ukingo ulikuwa umemomonyoka, na kutoka kwenye lami hadi kwenye udongo palikuwa na kina cha karibu shubiri nzima. Gurudumu la mbele lilizama, baiskeli ikapinduka, gunia moja likapasuka. Nilisimama nikamrudia. Alikuwa amechubuka goti na kiganja, naye ameanza kuokota mkaa wake. Alipoiona kola yangu alivua kofia, akasema: "Nisamehe, Padre. Nilijisahau, hii ni barabara ya magari."

Wapendwa, aliyeumizwa ndiye aliyeomba msamaha, na aliyeumiza ndiye aliyeombwa. Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi, na kila nikiyatafakari nagundua kwamba yule ndugu hakuyabuni yeye. Sisi wenye magari tulimfundisha. Tumemfundisha kwa honi, kwa matusi ya madirishani, na kwa barabara tulizozijenga bila kumkumbuka, hata akaamini kwamba yeye ni mvamizi katika nchi yake mwenyewe.

Tutazame kwanza hali yenyewe ilivyo. Barabara kuu ipitayo Mbeya ni ile ya Tanzania hadi Zambia, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili jirani zetu wa Zambia wapate njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Haikujengwa kwa ajili ya mtu anayekwenda sokoni Mwanjelwa. Lakini mji umekua kuifuata barabara hiyo, kutoka Uyole hadi Iyunga na kuendelea mpaka Mbalizi, hata leo njia ya kimataifa imekuwa ndiyo mtaa wetu mkubwa. Malori ya mafuta na ya makontena yanayokwenda Tunduma, na kutoka hapo Zambia na Kongo, yanapita ubavuni mwa mama aliyefungasha mboga kwenye keria na kijana anayewahi kibarua cha ujenzi. Mmoja ana safari ya siku kadhaa, mwingine ana safari ya kilomita sita. Wote wawili wamewekwa katika upana uleule wa lami.

Aliyewahi kuendesha baiskeli katika njia hiyo anajua mambo ambayo mwenye gari hayaoni. Anajua upepo wa lori refu, unaomsukuma kwanza kisha kumvuta kuelekea magurudumu ya tela. Anajua daladala inayompita kwa haraka kisha inasimama ghafla mbele yake kuchukua abiria mmoja, na mlango wa gari dogo unaofunguliwa bila dereva kutazama nyuma. Anajua kwamba bega la barabara, ambalo ndilo kimbilio lake pekee, asubuhi limejaa bodaboda zinazosubiri abiria na jioni limejaa meza za nyanya na mitumba. Basi hurudi kwenye lami, na akirudi hupigiwa honi. Mvua zikianza mwezi Novemba mambo huwa mabaya zaidi: mashimo yanafunikwa na maji, madigadi hayazuii tope, na breki za baiskeli nyingi, ambazo ni mpira unaosugua rimu ya chuma, hazishiki vema rimu ikilowa.

Iringa nako kuna shida yake. Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, na barabara kuu inapita bondeni, Ipogolo, karibu na mto Ruaha Mdogo. Wengi wanaoishi bondeni wanafanya kazi au biashara mjini juu. Asubuhi utawaona wakizisukuma baiskeli kupanda, wamejiinamia, jasho likiwatoka katika baridi. Jioni hushuka. Atokaye mjini na madumu matupu ya maziwa au ya ulanzi huteremka akitegemea breki mbili zilizochakaa na waya ambao fundi aliufunga kwa imani zaidi kuliko kwa koleo. Mteremko ule hauna njia ya baiskeli. Akikutana na lori linalopanda na basi dogo linalojaribu kulipita, hana pa kwenda isipokuwa mtaroni.

Kuna na shida nyingine isiyovunja mfupa, lakini inaumiza: dharau. Mtu akifika kwenye ofisi kwa baiskeli, mlinzi humwelekeza akaiache nje ya geti, mahali ambapo hakuna wa kuitazama, na akirudi aikute imeondoka na riziki ya watoto wake imeondoka nayo. Mzazi huogopa kwenda kwenye kikao cha shule na baiskeli, mwanawe asije akachekwa. Hata kwenye viwanja vyetu vya kanisa tumepanga kwa mawe yaliyopakwa chokaa mahali pa kuegesha magari, lakini ni parokia ngapi zimeweka hata bomba moja la chuma la kufungia baiskeli? Nauliza, nami nimo katika wanaoulizwa.

Pengine mmoja wenu atasema: "Padre, ajali ni kazi ya Mungu." Hapana, ndugu yangu. Tusimsingizie Mungu mambo yanayotokana na miguu yetu juu ya mafuta. Sheria yetu inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Si namba iliyookotwa tu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, likishikwa breki, huhitaji umbali unaozidi mara mbili na nusu ule wa gari linalokwenda 50. Umbali huo wa ziada ndio ambao ndani yake mtu anakufa. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Yaani wanaokufa zaidi ni wale wasio na bati la kuwakinga.

Kanisa nalo halikunyamaza katika jambo hili. Katekisimu, inapofafanua amri ya tano, inasema wazi kwamba mtu anayehatarisha usalama wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia kubwa. Tena mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia uchungaji wa wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, ukiwa na maagizo kumi kwa madereva. Moja ya maagizo hayo ni kumlinda aliye dhaifu zaidi barabarani. Nimewaungamisha watu kwa miaka mingi. Wengi huungama hasira, wivu na uvivu wa kusali, lakini ni mara chache mno mtu huungama kwamba alimsukumia mwenye baiskeli mtaroni kwa gari lake. Hatulioni kuwa ni dhambi, kwa sababu hatumwoni aliyetendewa. Tunapomtazama kwenye kioo cha nyuma, tayari amekuwa mdogo.

Sitaki, hata hivyo, kuwafanya wenye baiskeli kuwa malaika. Wapo wanaoendesha usiku bila taa wala kipande cha kuakisi mwanga, wapo wanaopita upande usio wao, na wapo wanaotoka vilabuni baiskeli ikiwaendesha wao. Hao nao wanakosa, na kosa lao mara nyingi hulipwa kwa uhai wao wenyewe. Lakini tupime mambo kwa haki. Mwenye baiskeli akikosea, anayeumia kwa kawaida ni yeye. Mwenye lori akikosea, anayeumia ni mwingine. Kwa hiyo wajibu haulingani, kama vile uzito wa vyombo usivyolingana. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Barabarani mara nyingi tumeshika nusu ya kwanza tu ya methali hiyo.

Basi tufanye nini? Nina mambo matatu.

La kwanza ni la wote wenye magari na pikipiki. Ukimkuta mwenye baiskeli mbele yako na nafasi haitoshi, subiri. Punguza mwendo, kaa nyuma yake mpaka upande wa pili uwe wazi, kisha mpite ukimwachia angalau mita moja na nusu. Utapoteza sekunde kumi au ishirini. Honi itumike kuonya juu ya hatari. Kumfukuza mtu kwenye njia yake si kazi ya honi.

La pili ni la viongozi wetu wa serikali na wa halmashauri. Mradi wa kuipanua barabara kuu ya Mbeya kuwa ya njia nne, kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ulipotangazwa wengi tulifurahi, nami nilifurahi. Lakini barabara pana bila njia ya baiskeli huongeza mwendo wa magari na kumwacha mnyonge palepale. Dar es Salaam, barabara ya Morogoro ilipojengwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, iliwekewa njia za baiskeli pembeni. Tatizo lililoonekana huko ni bodaboda na biashara kuzivamia njia hizo. Tujifunze yote mawili: njia ijengwe, kisha ilindwe. Na wafanyabiashara wa kando ya barabara wasifukuzwe kama wezi. Wapewe mahali pengine panapofaa, kwani nao wanatafuta mkate.

La tatu ni la kwetu wenyewe, katika jumuiya ndogo ndogo. Wako kati yetu wanaoamka alfajiri na kupanda baiskeli kwenda kazini. Taa ndogo, kengele na kitambaa kinachoakisi mwanga ni vitu ambavyo jumuiya inaweza kumchangia mwanajumuiya wake bila kuelemewa. Tunachanga kwa moyo mkubwa mtu anapofariki, tunanunua sanda na jeneza, tunalisha waombolezaji. Hakika ni jambo jema. Lakini ingekuwa vema zaidi kuchanga mapema, fedha kidogo kuliko hizo, ili tusiitane msibani.

Nirudi kwa ndugu yangu wa mkaa. Siku ile nilimsaidia kuokota, nikamlipa gharama ya gunia lililopasuka, tukanyoosha usukani uliopinda. Aliponishukuru nilimwambia, "Haya, pole sana, nenda salama," nikaingia ndani ya gari. Sikujibu yale aliyoyasema kuhusu barabara ya magari. Nilikuwa nimechelewa, na kwa kunyamaza kwangu nilimwacha aondoke akiamini kwamba kosa lilikuwa lake. Sijui kama yu hai, wala kama atapata mtu wa kumsomea maneno haya. Lakini jibu nililopaswa kumpa asubuhi ile nalitoa leo mbele yenu, nanyi mpelekeeni kila mwenye baiskeli mtakayemkuta njiani kesho: Nisamehe wewe, ndugu yangu. Barabara hii ni yako pia.

Nawatakia juma jema na safari za salama. Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.