Macho ya kukodishwa na chungu cha Ikombe

Biashara mojawapo inayostawi siku hizi katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa haihitaji duka wala mzani, kwa maana bidhaa yake ni macho yetu. Kijana aliyeketi barazani Kyela mjini, akipitisha video moja baada ya nyingine kwenye simu, hujiona mteja. Kumbe ndiye anayeuzwa. Usikivu wake hupimwa na kuuzwa kwa wenye matangazo, nao humrudishia picha ya kiatu, ya simu mpya, ya mkeka wa kubeti utakaomtajirisha kwa usiku mmoja. Sisemi kwamba burudani ni dhambi. Nasema burudani hii imeundwa isikome, na anayeitazama habakiwi na kazi nyingine ila kutazama na kununua.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kurudi kwenye asili, kana kwamba asili ni kabati lililofungwa kwa ufunguo. Historia ya ziwa hili inawakatalia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, watu wa pande hizi walilichukua gwaride la jeshi la kikoloni wakaligeuza ngoma. Mahali pa tarumbeta walitumia vibuyu, wakavitia utando na kuviimbia ndani hata vikatoa mlio wa pembe. Ndiyo malipenga, na ndugu yake mganda, ngoma zilizoenea kandokando ya ziwa, Malawi na kwetu pia, hadi Mbamba Bay. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, alionyesha jinsi ngoma za jamii hiyo zilivyowapa watu vyama, vyeo na ushindani wao wenyewe chini ya utawala wa wageni. Jambo la kigeni liliingia, lakini lilipita kwanza mikononi mwa wenyeji. La leo hutufikia likiwa limekwisha kupikwa na kutafunwa. Sisi tunaombwa kumeza tu.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya sanaa si umri wake, wala kabila lake, bali inamwachia mtu kazi gani.

Nenda Lyulilo, jirani na Matema, siku ya soko, ukaone vyungu vya Wakisi. Wafinyanzi ni wanawake, na kijiji chao mashuhuri ni Ikombe, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka ziwani kwa ghafla kiasi kwamba ardhi ya kulima ni haba. Ndiyo maana tangu zamani walipakia vyungu mitumbwini, wakavibadilisha kwa chakula na watu wa bondeni. Mtaalamu wetu S.A.C. Waane aliuandikia ufinyanzi huo utafiti mrefu uliochapishwa mwaka 1977. Naona aibu kwamba wanafunzi wengi wa Mbeya hawajapata kulisikia jina lake. Udongo hukandwa, hufinyangwa kwa mkono, husuguliwa, huanikwa, kisha huchomwa. Ukiharakisha ukaushaji, chungu hupasuka motoni, na hakuna kitufe cha kuruka hatua hiyo. Nao mtungi, kwa vitundu vyake visivyoonekana, huyatoa maji kidogo kidogo hadi ngozi yake ya nje, yakageuka mvuke na kuyapoza yaliyobaki ndani. Katika joto la Kyela, hilo si jambo dogo.

Utaniambia: chungu nacho ni bidhaa. Naam, na sina ugomvi na soko. Lakini mama wa Ikombe akishakuuzia mtungi, hahitaji uutamani mwingine kesho asubuhi. Biashara ya matangazo haiwezi kuishi hivyo. Ingekufa siku ambayo ungeridhika.

Nasi watumishi wa umma tumesaidia kuharibu. Mgeni rasmi akichelewa, wapigaji wa ing'oma huitwa kujaza muda. Akifika, huashiriwa wanyamaze. Ngoma iliyokuwa ya watu kuchezeana wao kwa wao inakuwa tangazo la mtu mwingine, tofauti na lile la simuni kwa vumbi tu. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, na Baraza la Sanaa la Taifa likapata sheria yake mwaka 1984. Hatukupungukiwa na ofisi.

Mtaala mpya wa elimu ya msingi una somo la Sanaa na Michezo. Shule zilizo karibu na Matema zina walimu wa somo hilo umbali wa safari fupi ya mtumbwi, walimu wenye ujuzi wa vizazi vingi na wasio na cheti hata kimoja. Kizuizi, nijuavyo mimi ofisi zetu, kitakuwa fungu la malipo: aandikwe nani, mwezeshaji au kibarua? Aandikwe mwezeshaji, alipwe posho ile ile tunayojilipa sisi tunapokwenda kukaa semina, na watoto wapewe udongo.