Tuisome Hukumu Yenyewe

Natoa maoni yangu juu ya upungufu mmoja ulio wetu sote, sisi tulio madarasani na wale waliokwisha maliza. Twabishana sana juu ya hukumu za Mahakama ya Juu ya Uganda, lakini wanaozisoma ni wachache mno.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Muhula uliopita tulikuwa na mjadala: Je, yafaa raia asiye askari ashtakiwe katika mahakama ya kijeshi? Kwetu sisi tulio Makenke, ambao kambi ya jeshi ni jirani yetu, hilo si jambo la mbali. Nilisimama kwa majivuno nikasema kwamba Mahakama ya Juu imekwisha zifuta mahakama za kijeshi. Mwenzetu mmoja atokaye Nakivale akaniuliza kwa upole, "Ndugu, hukumu hiyo umeisoma wapi?" Sikuwa na jibu, maana habari hiyo niliipata kwa kinyozi. Ukumbi mzima ulicheka, nami nikaketi.

Basi nilikwenda kuitafuta. Nikaona kwamba hukumu hiyo ilitolewa tarehe 31 Januari 2025, katika rufani ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Michael Kabaziguruka, aliyekuwa mbunge. Mahakama haikuzifuta mahakama za kijeshi. Ilisema kwamba jinsi zilivyoundwa hazikuwa na uhuru unaotakiwa na Katiba, na kwamba kesi za raia zihamishiwe mahakama za kawaida. Tena mambo hayakuishia hapo. Mwaka huo huo wa 2025 Bunge lilibadili sheria ya jeshi, likaruhusu tena raia kushtakiwa huko katika hali fulani. Kwa hiyo mimi nilikosea mara mbili, na kinyozi wangu pia.

Sasa nawaeleza njia niliyoifuata, ili mwingine asipate taabu niliyoipata.

Kwanza, ishike Katiba ya 1995. Sura ya Nane ndiyo ielezayo mahakama. Hapo utajifunza kutofautisha Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani ambayo pia huketi kama Mahakama ya Katiba, na Mahakama ya Juu iliyo ya mwisho. Wengi wetu huzichanganya, kisha hutafuta hukumu mahali isipokuwapo.

Pili, ingia katika intaneti, kwenye tovuti iitwayo ULII. Huko hukumu zimepangwa kwa mahakama na kwa miaka, nawe hulipi chochote kuzisoma. Kila hukumu ina anwani yake: mwaka katika mabano, herufi za mahakama, kisha namba. Herufi UGSC ni za Mahakama ya Juu. UGCC ni za Mahakama ya Katiba. Andika anwani hiyo katika daftari lako.

Tatu, usisome jina la mshindi tu. Katika kesi ya uchaguzi wa rais ya 2001 majaji watatu waliikataa na wawili waliikubali. Katika ile ya 2006 walikuwa wanne kwa watatu. Asomaye mwisho tu hatajua kwamba majaji wenyewe walitofautiana, wala hatajua kwa sababu gani.

Nne, kesi za zamani zatakiwa kutafutwa vitabuni. Kabla ya 1977 rufani zetu zilikwenda katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na hukumu zake zimo katika vitabu vya ripoti za sheria za Afrika Mashariki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: vitabu hivyo hukaa rafu za chini, vimejaa vumbi.

Mwisho, uliza kila mara: je, sheria imebadilika tangu hukumu hii?

Najua wengine watasema kwamba hukumu ni ndefu na Kiingereza chake ni kigumu. Ni kweli. Lakini yule mwenzetu wa Nakivale alinieleza kwa nini aliniuliza swali lile. Baba yake, aliyekimbia kutoka Kongo, alitaka kujua kama maneno ya mahakama yanamhusu mtu asiye mwananchi wa Uganda. Hakuna aliyeweza kumjibu. Tulifungua Ibara ya 28 pamoja, tukaona kwamba haki ya kusikilizwa na mahakama iliyo huru na isiyopendelea amepewa "mtu". Haikusema mwananchi. Siku ya likizo alimpelekea baba yake neno hilo moja, limeandikwa kwa Kiswahili katika karatasi. Mzee alilisoma, akalikunja, akalitia mfukoni.

Kwa hiyo natoa mashauri mawili. Sisi wanafunzi, ambao hatuna simu bwenini, tuombe kila muhula hukumu moja ipigwe chapa na kuwekwa katika maktaba ya shule, pamoja na muhtasari wa Kiswahili tutakaouandika wenyewe, wa ukurasa mmoja. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika Katiba yetu tangu 2005, nacho ndicho wazazi wengi wa Nakivale wasomacho. Nanyi ndugu zetu wa zamani, hasa mlio mawakili, vitabu vya ripoti msivyovitumia tena msiviache viliwe na mchwa. Tuleteeni.

Mjadala ujao nitasimama tena. Atakayeniuliza nimesoma wapi, nitamwonyesha rafu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano