Nani Aliwafungulia Mlango?

Siri za uchaguzi wetu tunaambiwa na kamera za watu wengine. Machi 19, 2018, runinga ya Channel 4 ya Uingereza ilirusha mazungumzo yaliyonaswa kisirisiri katika hoteli za London. Humo Mark Turnbull, mmoja wa wakurugenzi wa Cambridge Analytica, kampuni ya propaganda za kisiasa, anajigamba mbele ya mtu aliyemdhania mteja: walikivisha chama cha Uhuru Kenyatta sura mpya mara mbili, wakakiandikia manifesto, wakafanya awamu mbili za kuhoji watu 50,000, wakatunga hotuba na kupanga karibu kila lililoonekana jukwaani. Mwaka 2013, na tena 2017.

Haya, tuseme alitia chumvi. Wauza propaganda hawajui kupika bila chumvi. Lakini Jubilee, chama hicho cha Uhuru, haikusema kwamba Mzungu huyu ameota. Naibu mwenyekiti wake, David Murathe, alikubali kwamba waliikodi SCL, kampuni ya ukoo mmoja na Cambridge Analytica, kwa kazi ya kukijengea chama taswira. Basi, ikaishia hapo. Wananchi hawakuonyeshwa mkataba, wala hundi, wala jina la aliyetia saini. Tukaimbiwa wimbo wetu wa taifa usio rasmi: kubalini, tusonge mbele.

Mimi sisongi. Nataka kujua habari za hao watu 50,000. Mahojiano ya idadi hiyo hayafanywi kwa simu kutoka London. Kuna vijana wa Kenya waliobisha hodi vijijini na mitaani, wakakaribishwa viti, pengine na chai, wakamuuliza mama mwenye nyumba anaogopa nini, anamwamini nani, jirani yake ni kabila gani. Yeye alijibu akidhani anasaidia utafiti. Majibu yake yalipelekwa wapi? Yalichanganywa na nini? Wakati ule Kenya haikuwa na sheria ya kulinda data. Ilikuja Novemba 2019, farasi wote wakiwa wameshatoka zizini. Cambridge Analytica ilifunga milango Mei 2018. Hojaji hazifi na kampuni.

Kisha ile video. Mwaka 2017 mitandao ilijaa filamu fupi ya kutisha iliyochora Kenya ya 2020 chini ya Raila Odinga: njaa, damu, magaidi, nchi imegeuka jivu. Tovuti yake iliitwa The Real Raila, na haikuwa na mwenyewe. Ni shirika la Privacy International, nalo la London, lililofuata nyayo na Desemba 2017 likatangaza kwamba zinaishia Texas, kwenye kampuni ya Harris Media iliyowahi kumfanyia kazi Donald Trump. Nchi iliyozika zaidi ya watu 1,000 baada ya uchaguzi wa 2007 ilitengenezewa hofu na watu ambao, moto ukiwaka, hawangesikia hata harufu ya moshi. Nani aliwatuma? Nani aliwalipa?

Upande wa pili nao haukuwa na mikono mitupu. NASA, muungano wa upinzani wa Raila, ulikuwa na wataalamu wake wa kigeni, John Aristotle Phillips, Mmarekani, na Andreas Katsouris, Mkanada. Hao walikamatwa Agosti 2017, siku chache kabla ya kura, wakatimuliwa nchini haraka. Kumbe serikali inaweza kumwona mgeni kwenye kampeni inapotaka! Inamwona aliyekodiwa na mpinzani. Wa kwake ni mshauri.

Kwa nini basi NASA haikung'ang'ana mpaka jibu la Cambridge Analytica lipatikane? Tazama kalenda. Machi 9, 2018 Uhuru na Raila walipeana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Siku kumi baadaye Channel 4 ikarusha mambo yake. Malalamiko yalitolewa, ndiyo, lakini aliyetukanwa kwenye ile video alikuwa ameshakuwa ndugu wa aliyenufaika nayo. Maswali ya Wanjiku, mwananchi wa kawaida, yakafunikwa na tabasamu za wakubwa, pamoja na lile la nani alimuua Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume ya uchaguzi, IEBC, na lile la kwa nini tume ilikataa kufungua seva zake hata baada ya kuamriwa na Mahakama ya Juu.

Sidai kwamba Turnbull alimpa mtu ushindi. Mahakama ilifuta uchaguzi ule Septemba 1, 2017 kwa makosa ya hapa hapa, ya watu wetu na fomu zetu. Hilo ndilo linaloniudhi. Wanasiasa hupanda jukwaani kulaani mabeberu, halafu usiku huwaandikia hundi. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni tunayo tangu 2013. Wabunge waliisimamisha isiguse uchaguzi wa 2017, na 2021, tume ilipotangaza viwango vya matumizi, wakavitupa. Sheria ya kutuambia nani analipa nani imenyongwa na wale wale wanaolipa.

Na mambo hayakukoma. Februari 2023 waandishi waliojifanya wateja walifichua genge la Israel, Team Jorge, ambalo kiongozi wake, Tal Hanan, aliwaonyesha akiingia katika akaunti za wasaidizi wa William Ruto kabla ya kura ya 2022. Kamera ya siri tena, ya wageni tena. Aliyemtuma hajatajwa.

Profesa David Carroll wa New York aliitaka Cambridge Analytica imwonyeshe kila ilichokuwa nacho kumhusu. Ilipokaidi amri ya kumjibu, SCL Elections ilitozwa faini ya pauni 15,000 mahakamani London, Januari 2019. Sisi sasa tuna sheria, na tuna Kamishna wa Data. Jubilee ingali chama kilichosajiliwa, na waliokuwa kwenye kamati zake za kampeni tunawaona kila Jumapili wakitoa sadaka mbele ya kamera. Kamishna awaandikie: hojaji zile ziko wapi, mlimkabidhi nani, na kwa bei gani? Barua hiyo haizidi ukurasa mmoja, na kura ni Agosti 10, 2027.