Usaha Kabla Haujatoka

Mtoto anayeumwa sikio akifikishwa zahanati ya kijiji, iwe Newala juu ya uwanda wa Makonde au Masasi chini yake, tabibu huuliza na kupapasa. Sikio linauma? Linatoka usaha, na ni siku ya ngapi? Nyuma ya sikio kuna uvimbe wenye maumivu? Usaha wa chini ya siku 14 ni maambukizi mapya, na mtoto hupewa antibiotiki. Wa siku 14 na zaidi ni sugu: sikio likaushwe kwa utambi wa kitambaa safi, kisha litiwe dawa ya matone. Uvimbe ni rufaa ya haraka. Ndivyo unavyoelekeza mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wa chini ya miaka 5, wala haumdai tabibu achungulie ndani.

Sina ugomvi na mwongozo huo. Uliandikwa kwa ajili ya mahali pasipo na vifaa. Ila kuna mtoto unaomkosa. Huyu ana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, hayaumi, hayatoki, hayaleti homa. Mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi 3. Yasipokauka, yanampunguzia usikivu katika miaka ile ile anayojifunza kusema na kusoma. Nani atampeleka zahanati mtoto asiyelia? Atapelekwa shule, aitwe mtukutu.

Njia ya hakika ya kujua kilichomo ni kuitoboa ngoma kwa sindano na kuvuta majimaji. Hapo ndipo mwanga unaponivutia. Mwaka 2012 kundi la Stephen Boppart wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, lilionyesha kuwa miale ya infraredi ikipelekwa sikioni na mwangwi wake kupimwa, huonekana utando wa bakteria uliojishikiza nyuma ya ngoma, ambayo yenyewe unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Mwaka 2016 watafiti wa Massachusetts, akiwamo Moungi Bawendi (aliyepata Nobeli ya kemia 2023 kwa kazi nyingine), walitumia infraredi ya mawimbi marefu zaidi. Maji huinyonya sana, kwa hiyo palipo na majimaji kamera huonyesha weusi. Hakuna sindano, hakuna damu.

Tusishangilie mapema. Nta ikiziba tundu, mwanga haupiti. Lazima kwanza isafishwe. Kamera za infraredi hiyo ni ghali. Halafu kuna somo la kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni: utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta kuwa kwa wagonjwa weusi kilikosa upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ngoma ya sikio si ngozi ya kidole, lakini chombo cha mwanga kisichojaribiwa kwa watoto wetu sitakiamini kwa maneno ya muuzaji.

Ndiyo maana nasema majaribio yaanzie huku. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, wana mabingwa wa masikio. Chombo hiki kitawaongezea kidogo tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kuwa nchi maskini takriban 78 kati ya kila 100 hazifikishi bingwa mmoja wa masikio, pua na koo kwa watu milioni moja, na mabingwa wachache waliopo hawakai vijijini. Anayehitaji jicho la pili ni tabibu aliye peke yake. Hospitali ya Ndanda na ya Mkomaindo zinaweza kuwa mahali pa kuhakiki majibu, kisha chombo kipande Newala, kwenye vumbi na umeme wa kukatika. Na wakati tunasubiri, otoskopu ya kawaida, ile tochi ya kuchungulia ndani ya sikio, yenye betri nzima ingekuwa imeshafanya kazi kubwa. Wala si mzaha.

Majaribio hayo yasipimwe kwa uzuri wa picha. Yahesabu watoto waliorudishwa nyumbani kumbe wana majimaji, na waliomeza antibiotiki kwa sikio lisilo na maambukizi.