Kifua cha Mama Kinashinda Blanketi

Usiku wa Kituntu ni wa baridi, na mtoto njiti akizaliwa wengi hukimbilia blanketi. Lakini njiti hana mafuta ya kutosha mwilini. Blanketi halitengenezi joto. Joto liko kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa na kofia, nepi na soksi tu. Njia hii ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Mwaka 2021, utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae, kulipunguza vifo kwa robo. Akina bibi, msimwite mvivu mkamwana anayeshinda na mtoto kifuani. Anafanya kazi. Akina baba, nanyi mna vifua: mpokeeni mtoto, mama apumzike.